Kabla hujanunua kadi ya picha, soma kibandiko cha pawa saplai

Kompyuta yangu ya gemu haikuzaliwa kuwa ya gemu. Ni Dell OptiPlex 7010 ya kasha la kusimama, toleo la 2012, mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya kuandikia barua na kujaza Excel. Niliikuta Kariakoo imepangwa na wenzake kama matofali, bado ina kibandiko cha ofisi fulani ya Ulaya. Nyingi za mtaani kwetu ziko hivyo: mtumba wa ofisi uliovalishwa kadi ya picha.

Ilinibeba miaka minne, halafu ikaanza kuchoka. Kwenye GTA V nikikata kona kwa kasi, picha inaganda, barabara inachelewa kutokea, gari linabaki linaelea hewani. Mfukoni nilikuwa na laki tatu. Kila niliyemuuliza ushauri alijibu kadi. "Kaka, vuta kadi kubwa, hayo mengine yatajipa."

Mimi nakataa. Kwenye mashine za aina hii anayepanga bajeti ni pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kasha, wewe unafuata tu. Fungua ubavu wa kasha usome kibandiko chake. Yangu imeandikwa wati 275, na prosesa peke yake, i5-3470, imepangiwa 77. Waya wa kulisha kadi ya picha haumo hata mmoja. Kwa hiyo kadi utakayoweka lazima itosheke na umeme wa tundu lake kwenye maza bodi, ambao mwisho wake ni wati 75. GTX 1060, ambayo vijana wengi wanaililia, imepangiwa wati 120.

Kuna kale kawaya kanakogeuza plagi ya umeme ya SATA, ile ya kulishia diski, kuwa ya pini sita ya kulishia kadi. Jirani yangu alikaweka kwenye 1060 yake. Plagi ya SATA uwezo wake ni wati 54 hivi, pini sita zinaruhusiwa kuvuta hadi 75, na hesabu hiyo mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Wiki ya pili chumba kikanuka plastiki. Tulipochomoa, plagi ilikuwa imegeuka kahawia, imelegea kama peremende iliyonyonywa. Kadi ilipona, kwa bahati tu.

Kubadilisha pawa saplai inawezekana, maana 7010 inatumia plagi ya kawaida ya pini 24. (Mwenye 7020 au 9020 asikimbilie dukani, hizo zina plagi ya pini nane ya Dell wenyewe.) Lakini pawa ya uhakika ingekula nusu ya pesa yangu, na zile za bei chee zilizoandikwa wati 500 kwa herufi za dhahabu siweki hata nikipewa bure.

Nikaanza na vitu visivyo na sifa. SSD, yaani diski isiyozunguka, ya 240GB, elfu 65. Diski ya zamani ya kuzunguka (hard disk) ilikuwa inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, tena siku ikiamka vizuri; SSD kwenye SATA inakaribia 550. Siku hiyo hiyo barabara za GTA zikaanza kutokea kwa wakati, na kadi bado sijanunua. Kisha nikatoa RAM ya 4GB iliyokuwa pekee yake, nikaweka mbili za 8GB, DDR3, elfu 30 kila moja. Zikiwa mbili zinazofanana, prosesa inazisoma kwa mpigo. Pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto, elfu 5. Ile ya zamani ilikuwa imekauka hadi inabanduka kama chokaa ya ukutani, na feni ilikuwa imevaa vumbi zito kama sufi.

Hapo ndipo nikaenda kutafuta kadi. Niliitaka GTX 1050 Ti ya 4GB, ya 2016, inayoishi kwa wati 75 bila waya wa pembeni. Duka la kwanza nilionyeshwa moja inang'aa, bei inavutia. "Bosi, hii ni yenyewe." Nikaigeuza nyuma: ina tundu la VGA, lile la skrini za zamani. Chipu ya 1050 Ti haitoi VGA kabisa. Huo ni mchezo wa zamani, wanachukua kadi kongwe kama GTS 450, wanaiandikia jina jipya ndani, kompyuta nayo inadanganyika. Niliomba waichomeke tuifungulie GPU-Z, programu ya bure ambayo hizo feki inazitaja waziwazi. Ghafla mashine ya kujaribia ikawa mbovu. Nikashukuru, nikatoka. Duka la nne nikapata halisi kwa laki na nusu.

Halafu yakanirudi mwenyewe: skrini yangu ni ya VGA! Elfu 10 nyingine, kigeuzi cha HDMI.

Wapo walioniambia nimalizie na i7-3770, soketi ni ile ile. Sitaki. Ni kweli inaongeza nyuzi, yaani kazi inazoshika kwa mpigo, kutoka nne hadi nane, lakini ni ya kizazi kile kile cha tatu, haina AVX2 (amri za hesabu zilizomo kwenye prosesa mpya zaidi), na baadhi ya gemu za sasa bila AVX2 haziwaki kabisa. Windows 11 nayo rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha nane, na Windows 10 iliachwa bila huduma Oktoba 14, 2025. Hii mashine nachezea gemu tu, mambo ya benki yako kwenye simu. Senti nyingine nikiipata itaanza safari ya mashine mpya.

Jumla laki mbili na elfu tisini. Jumapili jirani alikuja, akacheza saa mbili bila kuganda hata mara moja. Alipoinuka akauliza kama nataka kununua 1060 yake, bei ya kirafiki.