Shimo la Kuotea Moto Limekula Uwanja Wote

Hivi nani aliwadanganya watu kwamba sehemu ya kuotea moto nje ni shimo tu? Mama watoto aliniambia hivyo hivyo, "ni kashimo tu baba, unachimba, unapanga mawe, unaweka viti, basi", na mi nikaitikia kwa sababu kashimo hakatishi mtu. Kumbe kashimo kenyewe ndo kitu kidogo kuliko vyote. Kinachomaliza uwanja ni watu watakaokaa kuliangalia.

Hebu piga hesabu na mimi. Shimo la upana wa mita 1, hilo ni la kawaida kabisa, likiwa dogo zaidi kuni haziingii vizuri. Kiti huwezi kukibandika kwenye ukingo, unaacha kama mita 1 hivi ili mtu aote moto na sio abanikwe, na hiyo ni kila upande. Kiti chenyewe pamoja na mtu aliyejiegemeza kinakula sentimita 80. Halafu nyuma ya viti lazima pabaki njia, tuseme sentimita 90, la sivyo kila anayetaka kwenda msalani atapita kati ya watu na moto akiomba samahani huku suruali inachemka. Jumlisha sasa pande zote mbili. Mita 6.4 kutoka upande hadi upande! Ni kama mita za mraba 32, sebule yangu mimi haifiki hapo, na sebule ina tivii.

Fundi akaja, akapiga kigingi, akafunga kamba, akaanza kuzunguka taratibu anamwaga chokaa chini. Mi nimesimama tu naangalia duara linavyotembea. Kamba ya nguo, ndani. Bomba la maji, ndani. Kibanda cha mbwa, nusu ndani nusu nje, mbwa mwenyewe katoka kaangalia ule mstari mweupe, kaniangalia mimi, karudi ndani.

Nikamwambia fundi sogeza huku karibu na nyumba. Akasema mzee haiwezekani, ukingo wa shimo usiwe chini ya mita 3 kutoka ukutani, na ukipata 6 ndo salama zaidi. Haya sogeza kule chini ya mti, penye kivuli. Akanyoosha kidole juu, matawi. Haya kule kwenye uzio. Uzio ni wa mbao. Yaani kila nilipoonyesha moto ulishakataa kabla haujawashwa, ikabaki katikati tu, pale pale zinapoanikwa nguo, kwa hiyo kamba ya nguo ndo ikahama na mi ndo nikatumwa kuihamisha.

Na usifikiri ukishapata sehemu umemaliza, sakafu nayo ina mambo yake. Mi nilijua unamwaga kokoto unasambaza na reki unaondoka. Wee! Unachimba kwanza, unatoa udongo wote mlaini, unamwaga kifusi unashindilia mpaka majirani wanatoka nje kuuliza kuna nini, halafu mchanga, halafu ndo vitofali, na hapo hapo fundi anapitisha pima maji anasema lazima palale kidogo, sentimita 2 kwa kila mita, maji ya mvua yakimbie nyumba. Kwa hiyo nimetoa hela kwa ajili ya sakafu iliyopinda makusudi. Ukiweka kikombe chini chenye kitu kimejaa mpaka juu unaona kabisa upande mmoja unazidi mwingine.

Tukafika kwenye mawe. Shemeji yangu, huyu ana maoni kwenye kila kitu ambacho hakimhusu, kaja na mfuko wa mawe ya mtoni, mazuri kweli, meusi, yanateleza, kasema hizi shemeji panga kuzunguka moto watu watashangaa. Fundi akayaangalia akasema watashangaa kweli, maana yatalipuka. Wakaanza kubishana. Shemeji anasema jiwe ni jiwe, jiwe linalipukaje. Fundi akajibu kwa upole wa mtu anayelipwa kwa siku, kwamba jiwe lililolala mtoni miaka yote hiyo limekunywa maji kwenye vijitundu vyake, ukilipasha moto haraka yale maji yanakuwa mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa, sasa ukikosa pa kutokea unapasua jiwe, na kipande hakichagui kinaenda usoni kwa nani. Shemeji akanyamaza. Akabeba jiwe moja akaligeuza geuza kama anatafuta mlango. Mwishowe tukaweka matofali yale yanayostahimili moto kwa ndani, zege la kawaida likabaki nje huko kwa sababu nalo likiunguzwa linabanduka vipande, na mawe ya shemeji yako pembeni ya maua, hakuna anayeyasogelea mpaka leo.

Sasa viti. Jamani viti!

Ile picha aliyonionyesha mama watoto kwenye simu ilikuwa na viti vyenye mito myeupe. Myeupe, kando ya moto! Na ukiiangalia vizuri ile picha hakuna mtu hata mmoja, moto unawaka wenyewe, hauna moshi, mito haina mkunjo. Nani aliyekaa pale akainuka bila kuacha alama? Mto wetu wa kwanza cheche ilitua jioni ile ile, tundu dogo tu la kupitisha kidole, na watoto wakaanza kupitisha kidole, sasa linapita ngumi.

Kuna waliotushauri tujenge benchi la tofali lizunguke moja kwa moja, linapendeza, halihami. Hiyo ya kuhama ndo tatizo lenyewe, maana upepo unahama. Ukishajenga benchi, siku moshi ukiamua kukaa upande wako huna la kufanya zaidi ya kulia. Viti vya plastiki navyo vinainama kabla yako, miguu ya mbele inalainika taratibu mtu anadhani amesinzia kumbe kiti ndo kinasujudu. Vya chuma vinapata moto kwenye mikono, ukishika unakumbuka dhambi zako. Vya mbao vizuri, ila vile vya kwenye picha viko chini mno, unakaa magoti yanafika kidevuni. Kukaa unakaa, kuinuka sasa. Mtu wa umri wangu anataka kiti cha sentimita 40 mpaka 45 kutoka chini na mikono ya kujishikilia, hiyo nyingine ni mazoezi.

Halafu kitu ambacho hakuna anayekwambia: meza inaenda wapi? Watu wakikaa duara meza inakaa katikati, tumezoea hivyo, lakini katikati pana moto! Kwa hiyo wageni sita wameshika vikombe sita na sahani mapajani hawana pa kuweka, mmoja anaweka chini mwenzake anapiga teke, mwingine anaweka kwenye ukingo wa shimo kikombe cha plastiki, kinaanza kupungua urefu huku kinamwangalia. Dawa yake ni vistuli vidogo, kimoja kila baina ya viti viwili, na vistuli navyo vinataka nafasi, kwa hiyo duara linapanuka tena. Mbwa sasa amehamia mlangoni kabisa.

Tuje kwenye moshi, maana hapa ndo nina kesi. Moshi unanitafuta mimi. Sio utani, nikikaa kusini unakuja kusini, nikihamia kaskazini unazunguka watu wote unanifuata kaskazini, na wenzangu wanacheka eti moshi unawafuata watu wazuri. Kijana wangu, huyu wa sekondari, akasema baba hiyo ina maelezo. Moto unavuta hewa baridi kutoka pande zote, hewa hiyo ndo inausukuma moshi uende juu, sasa mtu akikaa karibu anaziba hewa ya upande wake, pale mbele yake msukumo unapungua, moshi unalalia huko huko. Nikamuuliza unamaanisha nini. Akasema kwamba, eeh, kadiri mtu anavyoziba sana. Akaniangalia tumbo. Shemeji, ambaye ni mwembamba wa kupita kwenye dirisha lenye nondo, amekaa pale safi, macho makavu, hewa inampita kila upande, na ndo alikuja na mawe yanayolipuka!

Lakini kuni nazo zina lawama, na hapa mama watoto na mimi tunakubaliana angalau mara moja. Muuza kuni anakwambia ni kavu, zimekaa sana. Zimekaa wapi, mvuani? Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, na kuni za kuwaka vizuri zinatakiwa ziwe chini ya asilimia 20, na kufika hapo ni miezi 6, mwaka, mti mgumu hata miaka 2, zikiwa zimepasuliwa na kupangwa mahali penye upepo. Ukizichoma mbichi joto jingi linaishia kukausha maji, wewe unapewa moshi. Siku hizi muuzaji akileta nachukua vipande viwili nagonganisha sikioni. Kavu zinalia kwa sauti kali, mbichi zinafanya dup. Yule bwana ananiangalia anaona huyu mzee kaanza kuchanganyikiwa, acha aone, dup yake arudi nayo.

Jirani naye kwa wema wake akaturushia mabaki ya mbao za zamani, zingine za rangi zingine zilizotiwa dawa ya wadudu. Hizo hazichomwi kabisa, ile dawa na ile rangi zinageuka sumu kwenye moshi na kwenye majivu. Sasa kumrudishia jirani zawadi yake ni kazi, hasa jirani ambaye kila tukiwasha moto anafunga madirisha moja baada ya jingine, kwa nguvu, tusikie. Huyo huyo akashauri tuweke gesi. Nikauliza, nikaambiwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka inajaa shimoni inakusubiri, kwa hiyo lazima pawe na matundu ya kupumulia chini na fundi wake maalumu. Nikasema ahsante, moshi nimeshauzoea.

Joto lenyewe halina haki. Magoti yanaiva, mgongo unaganda. Ukisogeza kiti nyuma ukakaa mbali mara mbili, joto linashuka mpaka kama robo, hakuna pale pa kati. Mama watoto anasikia baridi kuliko binadamu wote, kila dakika kiti chake kinaingia ndani kidogo, krrr, kokoto za ukingoni zinalia. Shemeji anasikia joto, anarudi nyuma. Mama mkwe hataki moshi, kahamia pembeni. Lile duara la kigingi na kamba, lililoninyima kamba ya nguo, sasa halieleweki ni yai au ni viazi, na wanaozungumza wako mbali mpaka wanapigiana kelele. Mwanangu anamwambia bibi yake "nini?" jioni nzima.

Mvua ikinyesha lile shimo ni bwawa. Fundi aliweka kokoto chini maji yanywee, yananywea kweli, ila majivu yakiziba yanasimama, mbu wanapanga foleni. Kwa hiyo kuna mfuniko, na mfuniko una mtu wa kukimbia nao usiku akiwa na kandambili, mtajeni. Majivu nayo utaona ya kijivu yamepoa, usidanganyike, chini kuna makaa yanaweza kukaa hai mpaka kesho yake na zaidi. Hayaendi kwenye ndoo ya plastiki, ni ndoo ya bati yenye kifuniko, na ikae mbali na ukuta. Mtu wa ndoo, mtajeni tena.

Ila yote hayo ningeyavumilia kama sio mchocheaji. Kila penye moto yupo mmoja. Moto umekaa vizuri, umetulia, makaa mekundu, watu wameanza kunyamaza wanafurahi, yeye anainuka, anachukua fimbo, anafukua. Cheche juu, moshi kwangu, gogo linabiringika, wanawake wanavuta magauni, yeye anasema "nilikuwa naupa hewa". Nani alimwambia haupati hewa? Anakaa. Dakika haijaisha mkono unamwasha, anainuka tena. Ni shemeji, najua ulishajua. Nimemweleza kwa mdomo, nimemweleza kupitia dada yake, mwishowe ile fimbo ya kuchochea nimeifungia stoo na ufunguo natembea nao mfukoni.

Juzi kaja na ya kwake. Ya chuma, inakunjuka.