Nguvu ambayo Katiba ya Marekani haikuiandika

Mahakama za Marekani zinaweza kubatilisha sheria inayokiuka Katiba, nguvu iitwayo mapitio ya mahakama, na chanzo chake ni kisa hiki. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 1801, Rais John Adams alikuwa amebakiza saa chache tu Ikulu, na wizara ya mambo ya nje ilikuwa mbioni kukamilisha hati za uteuzi wa mahakimu wapya wa mji mkuu. Hati zikatiwa saini, zikapigwa mhuri, lakini baadhi hazikuwafikia wenyewe. Kulipokucha Thomas Jefferson akaapishwa, na serikali yake ikazizuia zilizobaki. William Marbury, mmoja wa waliokosa, akamshtaki waziri mpya, James Madison, moja kwa moja katika Mahakama ya Juu. Waziri aliyeshindwa kuzifikisha hati hizo alikuwa John Marshall. Na Jaji Mkuu aliyekuja kuisikiliza kesi? Marshall huyo huyo. Leo wakili yeyote angemtaka ajitoe.

Hukumu ya 1803 ilikuwa ya kijanja. Marshall alisema Marbury ana haki ya kupata hati yake, ila kifungu cha sheria ya 1789 alichokitegemea kiliipa Mahakama ya Juu mamlaka ambayo Katiba haikuipa, kwa hiyo kifungu hicho ni batili. Jefferson hakuwa na la kukaidi, maana hakuamriwa chochote. Lakini mahakama ilikuwa imejitwalia neno la mwisho juu ya sheria za Kongresi, yaani Bunge la Marekani, jambo ambalo ukiisoma Katiba yenyewe neno kwa neno hulikuti limeandikwa popote.

Mamlaka hayo hayako kwa majaji tisa wa juu peke yao, na hapa wengi huchanganya. Ngazi ya chini kuna mahakama 94 za wilaya, juu yake mahakama 13 za rufaa, kisha Mahakama ya Juu, ambayo hupokea maelfu ya maombi kwa mwaka na kusikiliza makumi tu. Majaji wanne wakikubali, kesi inaingia. Jaji yeyote, hata wa wilaya, anaweza kutamka kwamba sheria inakiuka Katiba. Ila hawezi kuamka asubuhi akaichambua sheria kwa sababu imemkera. Lazima aje mtu aliyeumizwa nayo kweli, afungue kesi.

Februari 2017 tuliona maana yake. Rais Trump alikuwa amewapiga marufuku kuingia raia wa nchi saba, Somalia ikiwamo. Jaji James Robart wa Seattle akatoa zuio la kuisimamisha marufuku hiyo, na zuio hilo likashika nchi nzima, viwanja vyote vya ndege. Kwa aliyekuwa na viza mkononi, jaji mmoja alikuwa tofauti kati ya kupanda ndege na kurudishwa. Wanaoutetea mfumo huu wana mfano mzito zaidi: 1954, mahakama ilipoharamisha shule za umma za ubaguzi wa rangi. Wanasiasa wa majimbo ya kusini wasingethubutu, kwa kuwa kura zao zilitoka kwa waliotaka ubaguzi uendelee.

Upande wa pili nao hauongei hewani. Mahakama hiyo hiyo, 1857, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, ilitamka kwamba mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia, na ikabatilisha sheria ya Kongresi iliyozuia utumwa katika maeneo ya kaskazini. Kuna pia suala la mlalamikaji kujichagulia jaji anayetarajia atampendelea: anayempinga rais wa Republican anakimbilia mahakama za California, anayempinga wa Democratic anakwenda Texas. Juni 2025, kwa kura 6 dhidi ya 3, Mahakama ya Juu iliwabana majaji wa chini wasitoe mazuio mapana kupita kinachohitajika kuwalinda walioshtaki. Kwa hili naona walikuwa na hoja, ingawa mhamiaji asiye na wakili ndiye anayelipia gharama.

Mimi sina ugomvi na mapitio ya mahakama. Ugomvi wangu ni jaji kukaa hadi afe au achoke mwenyewe. Jaji Clarence Thomas yuko Mahakama ya Juu tangu 1991. Kenya, ambako Katiba ya 2010 imetaja waziwazi kwamba Mahakama Kuu inaweza kupima sheria dhidi ya Katiba, jaji anastaafu akifika miaka 70, na sijaona uhuru wa mahakama ukipungua kwa sababu ya umri huo.

Halafu kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka: mahakama haina askari. Mwaka 1957 huko Little Rock, Arkansas, gavana aliweka wanajeshi wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule waliyoruhusiwa na mahakama. Waliingia na kubaki pale Rais Eisenhower, ambaye hakuwa shabiki mkubwa wa hukumu ile ya 1954, alipotuma kikosi cha wanajeshi wa miavuli kuwasindikiza hadi darasani. Marbury, kwa upande wake, hakuipata hati yake hadi anakufa.