Windows 10 imefika mwisho, sasa uhame au ubaki?

Tangu Microsoft wafunge msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mwenye laptopu yeyote ukikaa naye swali ni lile lile, nipige Windows 11 au niache tu? Majibu nayo yanakuja makambi mawili. Kuna wanaokwambia hama leo leo kabla hujaingiliwa, na kuna wanaosema mashine inawaka, Word inafunguka, muvi zinacheza, sasa nihame niende wapi. Mimi naona kila kambi ina hoja yake ila wote wanaruka swali la kwanza kabisa: hiyo Windows 10 yako ilikuwa inapokea apdeti kweli?

Maana tuseme ukweli, laptopu nyingi za mtaani fundi akishamaliza kupiga Windows anazima apdeti hapo hapo. Sababu anazo, apdeti zinakula bando, na kama Windows yenyewe imekrakiwa anaogopa ikijisasisha itaanza kudai laiseni mteja arudi analalamika. Mtu mwenye mashine ya hivyo tarehe 14 Oktoba haikumpunguzia kitu, alishakuwa hana ulinzi tangu siku aliyoichukua dukani. Halafu ndiye huyo huyo unamkuta ana wasiwasi wa Windows 10 kufungwa!

Mfano mzuri wa jambo hili ni kirusi cha WannaCry cha Mei 2017, kile kilichofunga mafaili ya watu na kudai pesa, hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha wagonjwa. Wengi wakadhani walioumia ni wale wa Windows XP, iliyokuwa imeshafungwa tangu Aprili 2014. Kumbe mashine nyingi zaidi zilizoambukizwa zilikuwa Windows 7, ambayo ilikuwa bado inahudumiwa na iliendelea kuhudumiwa mpaka Januari 2020. Kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu la usalama ambalo kirusi hicho kilipitia, Microsoft walishakitoa Machi, miezi miwili kabla, ila watu hawakukiweka. Kwa hiyo namba ya Windows siyo ulinzi, ulinzi ni viraka vinavyoingia. Ukihamia Windows 11 halafu ukazima apdeti umebadilisha sura ya menyu tu.

Sasa tuje kwa wanaosema hama. Hoja yao kubwa ni kwamba Windows 10 matundu yake mapya yanayogundulika sasa hayazibwi tena bure kwa kila mtu, na kibaya zaidi Windows 11 na 10 zina ukoo mmoja, vitu vingi vya ndani vinafanana, yaani kiraka kikitoka cha 11 mdukuzi anakichambua anaona kilichorekebishwa, kisha anakwenda kujaribu tundu hilo hilo kwenye 10. Hapo sibishi. Na anayesema mimi nina antivairasi hajaelewa vizuri, kwa sababu Defender, antivairasi inayokuja na Windows 10 yenyewe, itaendelea kupewa orodha za virusi mpaka Oktoba 2028, sawa, lakini kutambua virusi ni kazi moja na kuziba tundu la mfumo ni kazi nyingine.

Wanaosema baki nao usiwacheke. Kwanza mfumo kufungwa haina maana programu zinakufa siku hiyo. Windows 7 ilifungwa Januari 2020 lakini Chrome iliendelea kuihudumia mpaka mwanzoni mwa 2023, toleo la 109 ndilo la mwisho kuikubali. Pili kuna vifaa. Windows 11 ni ya biti 64 peke yake, haina ya biti 32, sasa mwenye steshenari ana printa ya zamani yenye draiva (programu ya kuiunganisha na kompyuta) ya biti 32 tu, au ana programu ya hesabu ya zamani sana ya biti 16 aliyoandikiwa miaka hiyo na aliyemwandikia hapatikani tena kwenye simu, huyo ukimwambia ahame unamwambia afunge duka. Na kama Windows 10 yake ni ya biti 32, ambazo bado zipo kwenye mashine za ram kidogo, basi hata kuhama juu kwa juu, yaani bila kufuta mafaili na programu zako, haiwezekani, lazima ipigwe upya kabisa.

Halafu ndiyo tunafika penye maumivu, prosesa. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na masharti: ram kuanzia GB 4, nafasi ya diski kuanzia GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa kuanzia kizazi cha 8. Ram na nafasi siyo shida sana. Shida ni kwamba laptopu za mtumba zinazouzwa kwa wingi huku kwetu, zile zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani zikapita Dubai ndipo zikafika Kariakoo au Nairobi, nyingi ni kizazi cha 6 na cha 7. HP EliteBook 840 G3 kwa mfano, mashine ngumu, kibodi nzuri, inafanya kazi zote za kawaida, lakini ndani unakuta i5-6300U na hiyo 6 ya mwanzo tayari imekutoa kwenye orodha. Haijachoka, imekataliwa tu. Na mwaka 2015 mfanyakazi mmoja wa Microsoft alishasimama kwenye mkutano wao akasema Windows 10 ndiyo Windows ya mwisho, watu tukakaa nalo hilo neno miaka sita!

Mafundi dawa yao wanayo, wanatengeneza flashi kwa programu ya Rufus ambayo inaruka ukaguzi wa TPM na prosesa, Windows 11 inaingia na inafanya kazi. Mimi sisemi ni dhambi ila ujue unachokichukua. Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kudai apdeti, kwa kawaida zile za kila mwezi zinaingia lakini toleo jipya la mwaka haliji lenyewe, unaliweka kwa mkono kila mara, na toleo la 24H2, lile la 2024, liliongeza sharti ambalo prosesa za zamani za Core 2 Duo haziliwezi hata ufanyeje, haziwaki kabisa. Kama fundi yuko karibu na anajua anachofanya sawa, kama ni laptopu ya mama yuko mkoani peke yake mimi nisingemwekea.

Na kuhusu kuwahi, hata kama mashine yako inakubalika sioni haja ya kuwa wa kwanza. Apdeti kubwa ya Windows 10 ya Oktoba 2018 ilipotoka, baadhi ya watu walikuta mafaili yao ya Documents yamefutika, Microsoft wakaisimamisha baada ya siku chache na wakairudisha Novemba. Waliokuwa wamesubiri mwezi mmoja hawakupoteza hata herufi. Kwa hiyo mimi toleo jipya naliacha miezi miwili mitatu wengine walionje, ila huko kuchelewa nakuruhusu pale tu ambapo mfumo ulionao bado unapewa viraka, vikishakatika subira hiyo haina faida tena.

Kwa Windows 10 sasa hivi bado kuna mlango wa kununua muda. Microsoft walitangaza viraka vya nyongeza kwa watu wa nyumbani mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila kulipa ukikubali kuhifadhi mipangilio ya mashine kwenye akaunti yako ya Microsoft, na akaunti moja inabeba mpaka mashine 10. Lazima uwe toleo la 22H2, ambalo ndilo la mwisho la Windows 10, na usajili wenyewe uko pale pale kwenye Settings upande wa Windows Update. Kwa mwenye EliteBook G3 ile naona hii ndiyo njia ya kwanza kujaribu kabla ya ujanja wa flashi. Huo muda ukiisha Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, inakaa vizuri sana kwenye mashine za aina hiyo kama kazi yako ni intaneti na kuandika, ila kama unaishi kwa Excel yenye makro au Photoshop usijidanganye, utarudi Windows ndani ya wiki.

Mwenye kizazi cha 8 kwenda juu, akiwa na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na ram GB 8, huyo mimi namwambia ahame tu, sababu za kubaki sizioni, labda ile printa. Mwenye GB 4 na hadi diski ya kuzunguka hata kama prosesa inakubalika aanze na SSD, asipofanya hivyo ataiwasha asubuhi aende kunywa chai arudi bado inazungusha viduara, halafu lawama zote aitupie Windows 11.

Kuhama kwenyewe kama unaweza hama juu kwa juu kupitia Windows Update, usikimbilie kupiga upya, kwa sababu ukihama hivyo una siku 10 za kurudi Windows 10 yako kama ilivyokuwa ikiwa sauti haitoki au printa imegoma, ukipiga upya hiyo njia haipo. Bakapu weka kwenye diski ya nje kabla, siyo kwenye D ya hadi diski ile ile. Na faili lenyewe la Windows 11 ni la GB kadhaa, kwa hiyo kama unatumia bando la simu tafuta waifai ya ofisini au mwambie fundi akupe flashi, na umalizie kwa kumwambia akuachie apdeti zikiwa wazi.