Laura Lepistö alishinda kwa miguu kabla hajaruka

Kila anapotajwa Laura Lepistö wa Ufini, mtelezaji wa barafuni katika mchezo wa kuruka na kuzunguka kwa muziki, watu huanza kuhesabu miruko yake ya mizunguko mitatu. Naona hesabu hiyo inamdhulumu. Mwana huyu wa Espoo, aliyezaliwa 1988, alipata medali ya shaba ya Ulaya 2008, na Januari 2009 akawa mwanamke wa kwanza wa Ufini kutwaa ubingwa wa Ulaya, tena Helsinki, mbele ya watu wake. Mfini mwenzake, Susanna Pöykiö, akachukua shaba. Mwaka 2010 ukawa wa fedha ya Ulaya, nafasi ya 6 Olimpiki ya Vancouver, na shaba ya dunia mjini Turin. Waliomtangulia Turin ni Mao Asada, maarufu kwa mruko uitwao Axel, wa mizunguko mitatu na nusu, na Kim Yuna, ambaye mruko wake wa Lutz ulikuwa mfano kwa wengine. Nguvu ya Lepistö haikuwa huko.

Chukua alama za msimu ule. Lutz ya mizunguko mitatu ilianzia alama 6.0, na tou-lupu ya mizunguko mitatu, mruko rahisi zaidi, 4.0. Tofauti ni alama 2 tu. Kando ya miruko kulikuwa na vipengele vitano vya programu: ustadi wa kuteleza, viunganishi (hatua za kuunganisha mruko na mruko), utendaji, mpangilio na ufasiri wa muziki. Kila kimoja kilikuwa na kiwango cha juu cha 10, na kwa wanawake jumla ilizidishwa kwa 1.6 katika programu ndefu, ile ya pili kati ya mbili za mashindano. Anayepanda kutoka 6.5 hadi 7.5 katika vyote vitano anavuna alama 8. Hiyo ni zaidi ya Lutz nzima.

Ila alama hizo zinatoka kwenye chuma cha chini ya kiatu. Kina unene wa milimita 4 hivi na kimechimbwa mfereji katikati, kwa hiyo kina kingo mbili, ya ndani na ya nje. Mtelezaji mwoga hukanyaga zote mbili kwa pamoja kwa sababu hapo anajiona salama. Mstari wake unanyooka, kasi inakufa, naye analazimika kusukuma tena na tena. Lepistö alikaa juu ya ukingo mmoja, goti limekunjwa, mwili wote umelalia ndani ya duara, na kasi ikawa inaongezeka bila kuonekana inatoka wapi. Mtazame tena huku umetega sikio: ukingo safi unatoa mvumo mdogo, lakini meno ya mbele ya chuma hicho yakigusa barafu mahali pasipotakiwa, utasikia mkwaruzo.

Kuchagua miruko aliyoweza kuimaliza kulikuwa na akili pia. Kanuni za wakati ule hazikuwa na huruma: mruko uliopungua zaidi ya robo mzunguko ulihesabiwa kama wa mizunguko miwili. Tou-lupu ya 4.0 ilishuka hadi 1.3, na bado majaji walikuwa na nafasi ya kukata zaidi.

Kilichomtoa ni mgongo. Alitangaza kustaafu Machi 2012, akiwa na miaka 23. Kutua ni kurudi kinyumenyume juu ya mguu mmoja, kwenye ukingo wa nje, huku kifundo kimebanwa na kiatu kigumu. Kifundo kisipokunjika, mshtuko unapanda gotini, nyongani, hadi kiunoni, na papo hapo mtelezaji anakaza mgongo ili kuzuia mwili usiendelee kuzunguka. Rudia hayo kila siku tangu utotoni. Anayesema Lepistö alikosa makali ya kuendelea hajaelewa mwili wa mtelezaji.

Tangu 2022 vipengele vile vitano vimekuwa vitatu, na viunganishi havina tena alama yake peke yake. Nadhani ni kosa. Zile hatua ngumu kati ya mruko na mruko, ambazo Lepistö alizifanya zionekane kama kutembea, zilistahili kubaki na safu yake kwenye karatasi ya jaji.