Tiba ya joto kwa saratani ya mlango wa kizazi haistahili kubezwa

Ukitaja joto kama tiba ya saratani, wengi hukumbuka nyungu, na daktari hutikisa kichwa. Ana sababu. Mvuke huchoma ngozi tu, na joto la mwili mzima likipita nyuzi 40 ni hatari: mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa, figo na ini vikafeli.

Tiba ninayoitetea ni nyingine kabisa. Mgonjwa hulazwa katikati ya duara la antena, mfuko wa maji ukimzunguka nyonga, na mawimbi ya redio huelekezwa kwenye uvimbe mpaka ufike nyuzi 40 hadi 43 kwa saa moja hivi. Vipimajoto vyembamba huwekwa ukeni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa. Joto hilo huongeza damu na oksijeni kwenye uvimbe, na huzuia seli za saratani zisijirekebishe baada ya kupigwa mionzi.

Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2000 lilikuwa na wanawake 114 wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokomaa. Baada ya miaka 3, waliopata mionzi peke yake waliokuwa hai ni asilimia 27. Walioongezewa joto, asilimia 51. Karibu maradufu!

Wapinzani husema kundi la mionzi lilifanya vibaya kuliko kawaida, hivyo pengo likaonekana kubwa. Tena, tangu 1999 mionzi huambatana na sisplatini, dawa ya kemotherapi, kwa hiyo ulinganisho huo umepitwa na wakati. Jaribio la Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, lenye wagonjwa 110, halikuona faida yoyote mwaka 2005. Watetezi hujibu kwamba uvimbe haukupashwa joto vya kutosha. Huenda, ila jibu hilo ni jepesi mno.

Hoja ya sisplatini ndiyo inayonikera. Dawa hiyo huumiza figo, na saratani hii ikikua hubana mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Mama anayefika hospitali akiwa amechelewa, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) imeshapanda, mara nyingi hawezi kupewa. Kwake yeye, mionzi peke yake dhidi ya mionzi na joto si ulinganisho wa zamani. Ndio uamuzi ulio mbele yake leo.

Johannesburg wamejaribu mashine ya aina nyingine kwa wanawake zaidi ya 200, karibu nusu wakiishi na VVU, na matokeo ya 2019 yalionyesha uvimbe ukidhibitiwa vizuri zaidi miezi 6 baada ya matibabu. Ni muda mfupi, na wengine wanahoji kama mashine hiyo hupasha joto la kutosha.

Simwambii mtu anunue mashine wakati foleni ya mionzi yenyewe ni ndefu. Ningeanza na jaribio dogo, kwa wale wenye figo zilizobanwa tu, katika hospitali ambayo tayari ina mionzi na mwanafizikia wa kuisimamia.