Insha za mfano: zimwongoze mtoto au zimwandikie?

Mwalimu akisahihisha madaftari 40 ya insha ya masimulizi, asishangae jogoo akiwika katika nusu yake. Mada ni "Siku niliyopotea", lakini mwandishi anaamka mapema, anapiga mswaki, anaoga, anavaa, anaaga, na aya mbili zimekwisha kabla hajavuka mlango. Akifika penye kupotea kwenyewe, imebaki mistari minne. Basi anapotea, analia, anapatikana na kurudi nyumbani mwenye furaha isiyo kifani. Hati nzuri, tahajia safi, misemo tele. Hadithi hakuna.

Mbele ya daftari kama hilo walimu hugawanyika. Wapo wanaosema mtoto ameharibiwa na insha za mfano: amekaririshwa utangulizi, tashbihi na hitimisho, na sasa anapachika maneno ya watu kama anayebandika viraka. Dawa yao ni uandishi huru. Mtoto achague mada, aandike rasimu, aisome kwa wenzake, airekebishe. Wengine hujibu kwamba mtoto asiyepewa mfano hana pa kuanzia, na kwamba uhuru bila nyenzo huwafaa wale tu ambao nyumbani kwao kuna vitabu.

Upande wa mfano una hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Mtoto wa miaka tisa anayeandika anafanya kazi nne kwa mpigo: anaumba herufi, anatafuta tahajia, anapatanisha ngeli, na bado anatakiwa kubuni. Akili haina nafasi ya yote. Fungu la maneno analolijua kwa moyo humpunguzia mzigo, hasa ikiwa lugha ya darasani si ile anayolala nayo. Tena ngano zetu zenyewe zimejengwa juu ya maneno ya kudumu. Hakuna anayemlaumu bibi kwa kuanza na "Hapo zamani za kale", kwa sababu baada ya maneno hayo kisa huanza mara moja.

Mjadala huu una historia pia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtafiti wa uandishi Donald Graves na wenzake walikaa madarasani huko New Hampshire, Marekani, wakiwatazama watoto wadogo wakiandika. Matokeo waliyoyatoa miaka ya 1980 yaliwapa nguvu watetezi wa uandishi kwa hatua: mada ya mtoto, rasimu, mazungumzo na mwalimu, marekebisho. Karibu wakati huohuo, Sydney, Australia, wanaisimu J. R. Martin na Joan Rothery walisoma maandishi ya watoto wa shule na kuona kuwa mengi ni mafupi na hayatoki nje ya aina chache: nilikwenda, nikaona, ilikuwa nzuri. Kutoka hapo kukakua mtindo wa kuuchambua mfano wazi mbele ya darasa, kuandika pamoja, kisha kila mtu peke yake.

Nani alishinda? Mwaka 2007 watafiti Steve Graham na Dolores Perin walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa kwa wanafunzi wa darasa la nne hadi la kumi na mbili na kuyapima kwa kipimo kimoja, ambacho 0.2 ni athari ndogo, 0.5 ya wastani na 0.8 kubwa. Kusoma mifano kulipata 0.25. Uandishi kwa hatua ulipata 0.32. Kambi zote mbili zinazozozana zilikuwa chini ya wastani! Juu kabisa, kwa 0.82, kulikuwa na kufundisha mbinu za kupanga, kuandika na kurekebisha, waziwazi, hadi mwanafunzi aweze kuzitumia bila kusaidiwa. Kumpa lengo mahususi kulipata 0.70, kuunganisha sentensi 0.50. Sarufi iliyofundishwa peke yake, kando na uandishi, ilikuwa chini ya sifuri. Namba hizo hazisemi lolote kuhusu darasa la kwanza hadi la tatu. Hata hivyo zinatosha kuonyesha kwamba swali la kuwapo au kutokuwapo kwa mfano si swali lenye uzito. Lenye uzito ni lile linalofanyika kati ya mtoto kuusoma mfano na mtoto kushika kalamu.

Insha ya maelezo, ambayo wengine huiita ya wasifu, ndipo mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa kitu kinachoelezwa kinaweza kuwekwa mezani. Kosa lake la kawaida ni orodha: chumba kina milango miwili, kina madirisha matatu, ni kizuri sana. Mtoto amehesabu, hajaeleza. Walimu wengi hulitibu kwa jedwali la milango mitano ya fahamu, nalo huzaa kosa jingine: sentensi tano zinazoanza niliona, nilisikia, nilinusa, niligusa, na ya mwisho mtoto anaonja ukuta ili kujaza mstari.

Njia inayofanya kazi huanza na uamuzi mmoja: kitu hiki kimwache msomaji na hisia gani? Chumba kinatisha au kinapumzisha? Hisia ikishachaguliwa, mtoto aandike vitu vinane anavyoviona au kuvisikia, afute vinne visivyoitumikia, avipange vilivyobaki kutoka mbali kuja karibu au juu kwenda chini, kisha aandike sentensi tano au sita. Dakika 40 zinatosha ikiwa 15 za mwanzo ni za kutazama na kuzungumza tu. Kufuta ndiko kugumu. Mtoto huona kila alichokiandika ni mali, kwa hiyo mwalimu afute kwanza vya kwake ubaoni, kwa sauti: "Dirisha hili linatisha? Halitishi. Litoke."

Kisha lugha. Vivumishi asilia vya Kiswahili si vingi, na mtoto anayetafuta kivumishi kwa kila kitu ataishia kwenye -zuri, -kubwa na -baya. Utajiri uko kwingine: katika vitenzi vya hali kama kupauka, kuchakaa, kumeguka na kunyauka, katika -enye na a-unganifu (wa, ya, cha), katika virejeshi kama aliye- na uliyo-. "Mlango mbaya" hausemi kitu. "Mlango uliobanduka rangi, wenye kitasa kinacholegea" unaonekana. Zoezi jepesi ni kuyapiga marufuku maneno matatu, -zuri, -kubwa na sana, kwa kipindi kimoja tu, na kila yanapotakiwa kuuliza: umejuaje? Mtoto aliyeandika "babu ni mzee sana" akiulizwa hivyo atasema kwamba kila akiinuka hushika kwanza ukingo wa kiti. Hiyo ndiyo sentensi aandike.

Tashbihi zilizozoeleka zisifukuzwe zote. "Alikimbia kama swara" ni Kiswahili sahihi. Hasara yake ni kwamba hupachikwa hata kwa mzee mwenye mkongojo. Acha nusu ya kwanza, iondoe ya pili, na utoe sharti: kinacholinganishwa kiwe kitu kinachoweza kupatikana mahali palepale penye kisa. Watoto watatoa vituko vichache, waache wacheke, kisha wachague.

Masimulizi ni kazi nzito zaidi, na hapa mfano unahitajika kweli, kwa sababu umbo la kisa halionekani kwa macho. Mwaka 1967 watafiti William Labov na Joshua Waletzky walichambua masimulizi ya mdomo ya watu wa kawaida, wakaonyesha kwamba pamoja na nani, wapi, mkwamo na ufumbuzi, msimulizi huweka tathmini: mahali anapoonyesha kwa nini jambo hili lilistahili kusimuliwa. Insha nyingi za shule zina matukio yote na zimekosa hilo moja. Mtoto anatueleza alipotea, hatuelezi alikosa nini alipokuwa amepotea.

Mpango wa visanduku vitano husaidia: nani yuko wapi na anataka nini, nini kinamzuia, jaribio linaloshindwa, dakika kali, nini kimebadilika. Lakini visanduku peke yake havitoshi, kwa sababu mtoto huvijaza sawasawa. Mpe hesabu ya mistari. Kwa ukurasa wa mistari 30, iwe 4, 4, 6, 12 na 4. Dakika kali inachukua 12, na hapo ndipo maelezo aliyojifunza yanaporudi: alichokisikia, mikono yake ilivyofanya, kitu kidogo alichokitazama wakati anaogopa. Kwa hesabu hiyo mswaki hauna pa kukaa. Lengo mahususi la namna hii ni aina ileile iliyopata 0.70, na halimgharimu mwalimu chochote.

Nyakati za vitenzi ndizo huangusha wengi. Masimulizi hufunguliwa kwa -li-, husukumwa na -ka-, na -ki- hushika kinachoendelea nyuma: "Alifika, akasukuma mlango, akaingia. Maji yalikuwa yakitiririka." Watoto huongeza halafu na kisha katika kila sentensi: halafu akafungua, halafu akaingia. Waambie -ka- yenyewe ndiyo halafu. Akifuta maneno hayo yote, kisa kitabaki kimesimama. Kosa la pili hutokea baada ya mazungumzo. Mhusika anasema "Ninaogopa," na mwandishi anabaki kwenye -na- hadi mwisho wa ukurasa. Achore mstari chini ya kila kitenzi kilicho nje ya alama za usemi, avikague hivyo peke yake.

Kuunganisha sentensi kufanyike kwa dakika tano mwanzoni mwa kipindi. Ubaoni: Mvua ilinyesha. Paa lilivuja. Daftari lililoa. Mmoja atasema, "Mvua ilinyesha hadi paa likavuja na daftari likaloa." Mwingine, "Daftari lililoa kwa kuwa paa lilivuja mvua iliponyesha." Zote sahihi. Ya kwanza inakwenda na mvua, ya pili inaanza na hasara. Zisomwe zote mbili, kisha uliza: wewe ungependa msomaji akutane na nini kwanza?

Tukirudi kwenye ugomvi wenyewe: mfano hutumika vizuri ukipita hatua nne, takribani moja kwa wiki. Kwanza, kifungu cha maneno 120 hadi 150 kisomwe mara mbili, na watoto waandike pambizoni kazi ya kila sentensi, si maana yake: hii inafungua mahali, hii inadokeza, hii inachelewesha. Pili, darasa na mwalimu waandike kifungu kingine pamoja ubaoni, mwalimu akifikiri kwa sauti na kufuta. Tatu, mtoto aandike kwa mifupa ileile juu ya jambo jingine, kitabu cha mfano kikiwa kimefungwa. Nne, mada ni yake na mfano haupo.

Hatua inayorukwa karibu kila mahali ni ya pili. Ina kelele, inakula muda, na mwishowe hakuna daftari la kusahihisha la kumwonyesha mkaguzi. Ikirukwa, mtoto anatoka kusoma kifungu kilichokamilika hadi kuandika peke yake, hajawahi kuona kifungu kikitengenezwa. Atafanya nini zaidi ya kunakili? Walimu wa uandishi huru wanalaumu mfano kwa kosa la pengo hilo. Walimu wa mifano wanalijaza kwa kuongeza mifano mingine.

Mtihani hauna budi kutajwa. Penye mwongozo wa usahihishaji unaohesabu methali na tamathali, mwalimu anayezikaririsha hana ujinga wowote. Anasoma soko lake. Na ni kweli kwamba mtoto dhaifu aliyekariri utangulizi mzuri hupata alama ambazo kwa uhuru mtupu asingezipata. Maelewano yanayowezekana ni kuweka kikomo: methali moja kwa insha, nayo ifanye kazi, mhusika aisikie na kuipuuza, au aikumbuke akiwa amechelewa. Methali inayofafanuliwa katika aya nzima ya kwanza ni jogoo mwingine tu.

Usahihishaji unaweza kubomoa yote haya. Wanafunzi 60 kwa dakika tatu kila mmoja ni saa tatu. Mwalimu asahihishe kwa ukamilifu 15, kwa wengine 45 aangalie tu jambo moja walilofundishwa wiki hiyo, na wiki ijayo zamu ibadilike. Wino mwekundu kila mstari una matokeo yanayotabirika: insha inayofuata inakuwa fupi, na aliyeandika "alitetemeka" kwa tahajia mbovu atarudi kwenye "aliogopa", neno analolimudu. Alama mbili pambizoni zatosha, tuseme N kwa nyakati na U kwa upatanisho, bila kuandikiwa jibu. Kisha mtoto aandike upya aya moja, si insha nzima. Anayelazimishwa kunakili kurasa mbili hurekebisha mwandiko tu.

Watabaki wachache ambao hata mfano ukiondolewa polepole wataushikilia. Wasinyang'anywe. Kama bado wanamhitaji jogoo, awike, ila sentensi ya pili iwe juu ya kupotea.