Ya Barbara Pym siyo stori ya subira yavuta heri

Jamani, kila nikisoma watu wanavyomsimulia mwandishi Barbara Pym, kwamba ona, alisubiri na mwisho akatambuliwa, naumia. Mi naona aliibiwa miaka yake.

Huyu mama wa Kiingereza alishatoa riwaya 6 kati ya 1950 na 1961, wasomaji anao, halafu 1963 anapeleka ya saba kwa wachapishaji wake walewale, Jonathan Cape, wanaikataa. Akabisha hodi kwingine, wapi! Miaka 14 hivi hivi.

Na hakukaa bure. Mchana alikuwa kazini London, International African Institute, anasaidia kuhariri jarida lao, yaani makala za wasomi kuhusu koo na mila za watu wa huku kwetu Afrika zilipita mikononi mwake, na naamini kabisa ile kazi ilimnoa jicho, maana anawaangalia Waingereza wenzake, mapadri na wanawake wasioolewa wanaohangaika na chai ya kanisani, kama mtafiti aliyefika kijiji cha ugenini.

1971 akapata kansa ya titi, akafanyiwa upasuaji, bado anaandika tu. Hapo ndo ikazaliwa Quartet in Autumn, watu wanne wa ofisi moja wanaokaribia kustaafu, kila mtu na upweke wake. Kuna Marcia, naye katolewa titi, anakusanya chupa tupu za maziwa kibandani kwake. Anaziosha, anazipanga, na kuna moja tu siyo ya aina yake, ilitoka kwa Letty wa ofisini, inamkera mpaka hana raha. Nilisoma hapo nikafunga kitabu kwanza. Mtu anayeandika hivi unamwambiaje hatufai?

Januari 1977 Times Literary Supplement, gazeti la Uingereza la uhakiki wa vitabu, likauliza waandishi gani hawajapewa haki yao, na mshairi Philip Larkin na mhakiki Lord David Cecil, kila mmoja kivyake, wakamtaja yeye. Mwaka huohuo wachapishaji wengine, Macmillan, wakaitoa Quartet, ikaingia orodha ya mwisho ya Booker, ile tuzo kubwa ya riwaya ya Uingereza. Maneno ya wanaume wawili tu ndo yalifungua mlango, wakati uandishi ulikuwa uleule! Wasingejibu je?

Kansa ikarudi, akafariki Januari 1980 akiwa na miaka 66. Ile riwaya waliyoikataa 1963, An Unsuitable Attachment, ilichapishwa 1982. Hakuishika.